Arusha ipi? Ulinganisho wa mahakama mbili za kikanda na nguvu ya hukumu zake mbele ya jaji wa nyumbani

Mtu akishuka kwenye basi Arusha na kumwambia dereva wa bodaboda ampeleke "mahakama ya kimataifa", swali la kwanza atakalorudishiwa ni moja tu: ipi? Mjini humo ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, upande wa barabara ya Dodoma kwenye eneo la TANAPA, na ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, ndani ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. (Wazee wa mji bado wanaikumbuka na ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa katika jengo la mikutano la AICC mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015.) Kwa wakili, kiongozi wa asasi au mwanakijiji aliyeshindwa kesi nyumbani na anayefikiria kusonga mbele, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu mahakama hizi mbili zinatofautiana katika nani anaruhusiwa kuingia na ndani ya muda gani, na zinatofautiana zaidi katika jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya hukumu kusomwa: hukumu yenyewe inaweza kufanya nini ikirudishwa mbele ya jaji wa nchi.

Kwa kuwa walalamikaji wengi huanza na mlango wa kuingilia na kuishia hapo, mimi nitaanza na mlango wa kutokea.

Hukumu ikifika nyumbani

Hukumu ya mahakama ya kikanda haiji na dalali wa mahakama wala askari. Ikishasomwa, utekelezaji wake unaachwa mikononi mwa Serikali ileile iliyoshindwa, na Serikali isipofanya kitu, aliyeshinda hubaki na njia ya kuichukua hukumu hiyo na kuipeleka kwa jaji wa nchi yake, akimwomba aitumie. Hapo ndipo katiba ya kila nchi inapoonyesha tofauti yake.

Katika Tanzania, kuridhiwa kwa mkataba na Bunge chini ya ibara ya 63(3)(e) ya Katiba hakuufanyi kuwa sheria ya ndani. Inahitajika sheria nyingine ya kuuingiza. Jaji anaweza kuusoma mkataba na hukumu zinazoufafanua kama mwongozo, lakini halazimiki kuzifuata pale ambapo sheria ya Bunge inasema vingine. Kenya, kwa upande wake, iliandika katika ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 kwamba mkataba wowote ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Ukisoma maneno hayo peke yake utadhani mambo yamekwisha, lakini Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Mitu-Bell lililoamuliwa Januari 2021 kuhusu watu waliofukuzwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilieleza kuwa miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuhamisha watu haina nguvu ya kufunga yenyewe kwa yenyewe, ila inamsaidia jaji kufafanua haki iliyomo ndani ya Katiba. Kwa maneno mengine, hata Nairobi ambako mlango uko wazi zaidi, Katiba ya nchi hubaki imekaa mlangoni.

Wala tusimdharau jaji wa Tanzania kwa kuwa mlango wake ni mwembamba. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipelekewa rufaa ya shamba la ukoo la Wahaya ambalo mwanamke alilirithi kwa wosia wa baba yake na akaliuza. Mpwa wake wa kiume akadai kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alichukua Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akaisoma pamoja na mikataba ambayo Tanzania ilikuwa imeiridhia, ukiwemo ule wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na akaamua kuwa mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyomwagiza afanye hivyo. Njia hiyohiyo ilitumika katika shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa ndoa: Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani tarehe 23 Oktoba 2019, zilisema kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyomruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba, na mikataba ya Afrika kuhusu watoto na wanawake ikawa sehemu ya hoja. (Serikali ilipewa mwaka mmoja wa kurekebisha, na mwaka huo ukapita bila marekebisho, basi na tusidhani kuwa utekelezaji wa kusuasua ni ugonjwa wa hukumu za Arusha peke yake.)

Mahakama ya Afrika: hukumu pana, mlango uliofungwa

Mahakama ya Afrika iliundwa kwa itifaki iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kutumika Januari 2004. Ina majaji 11, na mamlaka yake ni mapana: inaweza kutumia Mkataba wa Afrika na mkataba mwingine wowote wa haki za binadamu ulioridhiwa na nchi inayoshtakiwa, inaweza kuamuru sheria ibadilishwe, fidia ilipwe, au mtu asikilizwe upya. Kama unatafuta chombo kitakachosema kwa kirefu na kwa jina kwamba haki yako fulani ilivunjwa, hakuna mpinzani katika eneo letu.

Shida ni ibara ya 34(6) ya itifaki. Mtu binafsi au asasi haiwezi kupeleka shauri moja kwa moja mpaka nchi husika iwe imetoa tamko la kukubali mashauri ya aina hiyo. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010 na ikatoa barua ya kulifuta Novemba 2019. Tangu tarehe 22 Novemba 2020 mashauri mapya ya watu binafsi dhidi yake hayapokelewi, ingawa yale yaliyokwisha kufunguliwa yaliendelea kusikilizwa. Rwanda ilijiondoa mwaka 2016, Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Kenya, Uganda na Burundi ziliridhia itifaki bila kutoa tamko.

Kwa mtu wa nchi hizo imebaki njia ya kuzunguka: kupeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, na kuomba Tume ndiyo iende mahakamani. Waogiek wa msitu wa Mau walipita njia hiyo. Malalamiko yao yalifika kwa Tume mwaka 2009, shauri likaingia Mahakamani mwaka 2012, hukumu ikatolewa tarehe 26 Mei 2017, na amri ya fidia ikatoka tarehe 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na agizo la kuwapimia na kuwamilikisha ardhi yao. Mtoto aliyezaliwa siku malalamiko yalipopelekwa alikuwa anakaribia kuingia sekondari. Na Novemba 2023, nyumba za Waogiek huko Sasimwani, Narok, zilikuwa zinabomolewa.

Hata hivyo kipimo cha ukweli cha mahakama hii ni shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, na ninakaa nalo kwa sababu ndani yake yamo yote. Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, na Bunge likabadili Katiba ili kuufunga mlango alioufungua. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kuwa suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na ni la Bunge kuamua. Ndipo akaenda Arusha, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikasema kuwa kumlazimisha mgombea kupitia chama kunakiuka Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao, kama ule wa 2020, ulifanyika bila mgombea binafsi.

Wengine husoma kisa hicho na kuhitimisha kuwa mahakama ile haina meno. Mimi naona jambo lililo finyu zaidi na lenye manufaa zaidi kwa anayechagua. Hukumu ya 2013 ilirudi katika nchi ambayo mahakama yake ya juu kabisa ilikuwa imekwisha kusema, miaka mitatu kabla, kwamba suala hilo si la majaji. Kwa hiyo hapakuwa na jaji wa kuipokea. Ilikuwa barua kwa Bunge, na Bunge halikujibu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa hukumu ya Julai 2020 juu ya ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama kuchunguza matokeo ya urais: miaka miwili iliyotolewa ilikwisha, ibara ikiwa palepale.

Kwa wafungwa, kikwazo ni cha aina nyingine. Sehemu kubwa ya maombi yaliyofunguliwa dhidi ya Tanzania yaliletwa na watu walio gerezani, wengine bila wakili, wakilalamika kwamba hawakusikilizwa kwa haki. Tuseme mmoja ameshinda Arusha. Mahakama ya Rufani imekwisha kuikataa rufaa yake, na njia pekee ya kuirudia ni mapitio chini ya Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, ambayo inataja sababu zinazokubalika: kosa la wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, mahakama kukosa mamlaka, hukumu iliyopatikana kwa hila na kadhalika. Hukumu ya mahakama ya kimataifa haimo katika orodha hiyo, na ombi linatakiwa kuletwa ndani ya siku 60, wakati shauri la Arusha huchukua miaka. Vivyo hivyo, tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ilisema kuwa adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka haki ya uhai, ikaagiza iondolewe katika sheria ndani ya mwaka mmoja na waleta maombi wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Mwaka ukapita. Jaji wa Mahakama Kuu anayefungua kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hukuta humo adhabu moja, na hukumu ya Arusha haimpi ya pili.

Mahakama ya Afrika Mashariki: mlango wazi, saa mkononi

Mahakama ya Afrika Mashariki ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2001 chini ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999, na kwa maandishi si mahakama ya haki za binadamu. Ibara ya 27(2) inasema mamlaka hayo yatatolewa baadaye kwa itifaki, na itifaki hiyo haijaja. Majaji wakapata njia: mwaka 2007, katika shauri la Katabazi na wenzake 21, watuhumiwa wa Uganda waliokamatwa tena na askari baada ya Mahakama Kuu kuwapa dhamana, majaji hao walisema kuwa hawajipi mamlaka ya kuamua migogoro ya haki za binadamu, lakini hawataacha kazi yao ya kufafanua Mkataba kwa sababu tu ndani ya shauri kuna madai ya haki hizo. Tangu hapo, anayepeleka shauri huegemea ibara za 6(d) na 7(2), zinazozitaka nchi wanachama kufuata utawala bora na utawala wa sheria. Hupeleki dai kwamba "haki yangu ya kujieleza imevunjwa". Unapeleka dai kwamba Serikali imevunja Mkataba wa Jumuiya. Tofauti hiyo ya maneno si ya mapambo, maana anayeikosea hukutana na pingamizi la awali siku ya kwanza.

Faida zake kwa mlalamikaji ni mbili kubwa. Chini ya ibara ya 30, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri bila kusubiri tamko la nchi yake. Na halazimiki kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za ndani, sharti ambalo Mahakama ya Afrika inalidai.

Bei ya faida hizo ni miezi miwili. Ibara ya 30(2) inataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria, uamuzi au kitendo kinacholalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipokijua. Kikomo hicho kiliingizwa baada ya nchi wanachama kukasirishwa na amri ya Novemba 2006 katika shauri la Anyang' Nyong'o, iliyozuia wabunge wa Kenya wa Bunge la Afrika Mashariki kuapishwa. Marekebisho hayohayo ndiyo yaliyoigawa mahakama katika divisheni mbili, ya awali na ya rufaa. Na kikomo cha miezi miwili hakilegezwi. Shirika la haki za binadamu la Kenya, IMLU, lilipopeleka madai ya mateso na mauaji ya Mlima Elgon, divisheni ya awali ilikubali kuyasikiliza, lakini mwaka 2012 divisheni ya rufaa ikayatupa kwa kuwa yalichelewa, ikikataa hoja kwamba ukiukaji huo ulikuwa wa kuendelea. Niliwahi kuonyeshwa jalada la kikundi cha wakulima: hati ya kiapo safi, picha za mashamba, mihtasari ya vikao, kila kitu kimepangwa kwa tarehe, na tarehe ya tukio ilikuwa imepita miezi mitano. Walikuwa wanasubiri majibu ya barua waliyoandika wilayani.

Linganisha na walioiwahi saa. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2016. Baraza la Habari Tanzania na wenzake walifungua shauri Januari 2017. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama ikasema kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba, na mwaka 2023 Bunge likairekebisha sheria. Sitasema hukumu ndiyo iliyofanya yote, kwa maana upepo wa siasa ulikuwa umebadilika na wadau wa habari walishafanya vikao vingi na Serikali. Lakini hukumu ililenga vifungu vya sheria ya kawaida vinavyotajika kwa namba, ambavyo wizara moja inaweza kuviandikia muswada, na hilo ni tofauti kubwa na kuambiwa ubadilishe Katiba.

Kuna silaha nyingine ndani ya Mkataba huu ambayo mawakili wetu hawaitumii inavyostahili. Ibara ya 33(2) inasema maamuzi ya mahakama hii kuhusu ufafanuzi wa Mkataba yana nguvu kuliko ya mahakama za nchi katika jambo linalofanana, na ibara ya 34 inamruhusu jaji wa nyumbani kusimamisha kesi na kupeleka swali Arusha lifafanuliwe. Kwa miaka mingi ibara hiyo ililala, mpaka swali la kwanza lilipotoka Uganda mwaka 2014. Hapa hukumu haimfuati jaji kutoka nje. Jaji mwenyewe ndiye aliyeiomba, na ni vigumu kuipuuza karatasi uliyoiagiza.

Halafu kuna fedha. Ibara ya 44 inasema hukumu inayoamuru malipo itakazwa, yaani itatekelezwa, kwa kanuni za madai za nchi husika. Wasomaji watakaodhani hilo ni jambo la vitabuni wakumbuke Baraza la Hukumu la SADC, lililoamua mwaka 2008 kwamba Zimbabwe ilikiuka haki za wakulima walionyang'anywa mashamba. Mahakama Kuu ya Harare ilikataa kuisajili hukumu hiyo. Wakulima wakahamia Afrika Kusini wakiwa na amri ya gharama, Mahakama ya Katiba ya huko ikakubali mwaka 2013, na mwaka 2015 nyumba ya Serikali ya Zimbabwe huko Kenilworth, Cape Town, ikapigwa mnada. Baraza lenyewe lilikuwa limekwisha kusimamishwa na wakuu wa nchi.

Kubaki nyumbani

Njia ya tatu huachwa nje ya ulinganisho kwa kuwa haina safari. Adhabu ya kifo ya lazima iliondolewa Uganda na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo Januari 2009, katika shauri la Kigula, na Kenya ikafuata Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu kwa kosa la mauaji. Majaji wa pande zote mbili walisoma maamuzi ya nje ya nchi yao, lakini waliyatumia kufafanua katiba zao wenyewe, na kwa hiyo mahakama zote za chini zikafungwa siku hiyohiyo. Tanzania ndiyo iliyohukumiwa Arusha, na Tanzania ndiyo iliyobaki na kifungu chake.

Nani aende wapi

Kwa mkazi wa Kenya ambaye dai lake linaingia katika sura ya haki ya Katiba ya 2010, Mahakama Kuu ndiyo ya kwanza, na hukumu za Arusha zipelekwe humo kama nguzo za hoja. Safari ya Banjul iwe ya wale ambao, kama Waogiek, wanahitaji kutambuliwa kama jamii na wanaweza kuvumilia muongo mzima.

Kwa mkazi wa Tanzania anayepinga sheria mpya au tangazo jipya la Serikali, Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo iliyo wazi, na uamuzi ufanywe wiki ileile ambayo sheria imesainiwa. Kama ukiukaji ni wa zamani, saa imekwisha kumpita, na kilichobaki ni Mahakama Kuu kwa njia ya Hati ya Haki, au Tume baada ya ngazi za ndani kumalizika. Mfungwa aliyekosea njia hupoteza zaidi ya wote, kwa hiyo hoja ya mkataba itajwe mapema, katika rufaa yenyewe, ili Mahakama ya Rufani iwe imelazimika kuijibu.

Na popote atakapokwenda, maombi yaliyo mwisho wa hati yaandikwe kwa kumfikiria afisa atakayeyasoma nyumbani. Ombi la "kutangaza kuwa haki zimevunjwa" limalizwe na lingine linalotaja kifungu kwa namba, kiasi kwa tarakimu, kipande cha ardhi kwa mipaka yake na tarehe ya kuripoti utekelezaji, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ambavyo msajili, mpima ardhi au mwandishi wa sheria anaweza kuvishika bila kuomba ruhusa ya Katiba mpya.